Land Rover 109 pikapu imekaa miaka 9 chini ya mwembe, tunataka kuifufua kifamilia: tuanzie wapi?

UsaRiver109

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi.

Nyumbani kuna Land Rover 109 pikapu, Series III, injini ya petroli ya lita 2.25, usukani kulia. Imeegeshwa miaka tisa. Haijachokonolewa: gia boksi, difu zote, kabureta, alternata na kadi ya gari vipo. Injini haizunguki ukipiga stata, inatoa mlio mmoja tu wa "ta!" kisha kimya. Breki zimeshika, magurudumu mawili ya nyuma hayazunguki kabisa. Bodi ina mabonde lakini haijatoboka. Chini sijachunguza vizuri.

Nguvu kazi ni mimi, baba (miaka 71, anaijua gari hii lakini kulala chini hawezi tena), binti wa miaka 16 na kijana wa miaka 12. Tuna Jumamosi tu. Vifaa: jeki ya chupa ya tani 5, seti ya spana za milimita, grainda ndogo na mashine ya kuchomelea ya fimbo.

Naomba mwongozo. Wapo wanaoniambia tufungue gari zima tupige rangi kwanza, wapo wanaosema tuanze na injini. Na je, watoto wanaweza kufanya kazi gani ya kweli, isiwe kushika tochi tu? Kipi tumwachie fundi?

SpanaNchi

Marahaba kijana.

Rangi iwe ya mwisho, na msifungue gari zima. Landrover iliyofunguliwa yote kwa mara moja ndiyo inayouzwa kwenye magunia baada ya mwaka. Fungueni kipande kimoja, kimalizeni, kirudi mahali pake, ndipo mhamie kingine.

Kabla ya kununua spea hata moja, piteni chini na nyundo ndogo ya gramu 500 na bisibisi nene. Bodi ya gari hii ni aloi ya alumini, haili kutu, kwa hiyo inaweza kupendeza juu huku chesisi imekwisha. Gonga kila sentimita kumi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu "dup" kama boga. Sehemu za kugonga kwa hasira ni boriti ya nyuma kabisa (inayobeba ndoano ya kuvutia), vishikio vya springi vyote, mabawa yanayotoka pembeni kubeba ukuta wa mbele na tangi, na sakafu ya boriti zenyewe kwa chini, maana tope huingia ndani likakaa miaka. Kisha ukuta wa mbele, ule wenye dashibodi na bawaba za milango. Angalia mahali pa kuwekea miguu, nyayo za nguzo za milango, na kona mbili za juu chini ya kioo. Huo nao ni chuma, si alumini.

Alama ziwekwe kwa chaki: nyeupe pazima, nyekundu palipooza. Hiyo ni kazi ya kijana wa miaka 12, na apige picha kila alama. Mkimaliza mtajua kama mna mradi wa miezi minane au wa miaka miwili. Zikiwa nyekundu nyingi kwenye boriti kuu zote mbili, tafuteni chesisi nyingine kabla ya kugusa injini.

Onyo la karatasi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia. Hapo ni mahali panapooza sana. Isugueni kwa brashi ya waya, ilinganisheni na kadi, piga picha. Kama kipande hicho kinahitaji kukatwa, nendeni TRA (Mamlaka ya Mapato) kwanza mkaulize utaratibu, msikate halafu mkaenda kueleza.

Spana zako za milimita zitakuharibia kazi. Gari hii ni ya inchi. Spana ya 11 inakaa kwenye 7/16, ya 16 kwenye 5/8 na ya 19 kwenye 3/4 bila shida. Lakini 13 kwenye 1/2 inacheza kidogo na itazungusha kona za nati yenye kutu, na 14 haiingii kwenye 9/16 mpaka uigonge. Nunueni spana na soketi za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 3/4. Ongezeni soketi ya boksi ya milimita 52 kwa ajili ya nati za habu (vitovu vya magurudumu), bila hiyo mtaishia kuzigonga kwa patasi kama wengine wote.

Na jeki ya chupa ni ya kunyanyulia tu. Mtu asiingie chini mpaka gari likae kwenye stendi nne za chuma au magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa msalaba. Tofali za bloku zisitumike. Hazitoi dalili, zinapasuka tu.

RokaShafti

Kwa injini, acha kabisa kupiga stata. Huo mlio mmoja maana yake stata inasukuma na kitu kimegoma. Ukiendelea utaunguza stata au utavunja ringi zilizogandana na kutu ya silinda.

Toa plagi zote nne. Changanya oili ya gia otomatiki na dizeli nusu kwa nusu, mimina kama mililita 50 kila silinda, funika matundu kwa kitambaa, subiri siku tano. Wakati unasubiri fungua nati tatu za mfuniko wa juu utazame valvu na roka (mikono inayozibonyeza). Valvu iliyoganda ikiwa wazi utaiona, roka yake italegea na pushi rodi (fimbo inayoisukuma) itacheza. Mwagia mchanganyiko huohuo kwenye shina lake na uigonge taratibu kwa kipande cha mbao.

Siku ya tano zungusha kwa hendeli ya mbele, plagi zikiwa bado nje. Usivute kwa nguvu upande mmoja. Tikisa mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikisogea nyuzi tano leo, mwagia tena, kesho itasogea ishirini. Ikigoma wiki mbili, ndipo ufikirie kutoa hedi.

Ikizunguka, mwaga oili yote ya zamani (maji hutulia chini ya sampu, yaani bakuli la oili), badilisha filta, weka mpya. Halafu piga stata bila plagi, sekunde kumi kazi, nusu dakika pumziko, mpaka taa ya oili izime. Hapo beringi zina oili. Baada ya hapo pima kompresheni (mgandamizo) silinda zote, kanyagio la mafuta likiwa limekanyagwa mpaka chini. Leta namba hapa.

Petroli ya zamani isiingie kwenye kabureta. Tangi liko chini ya kiti cha kulia, lita 45 hivi. Lishusheni, mtoe geji, mtie mnyororo wa chuma wa mita moja na lita mbili za dizeli, mlitikise mpaka kinachotoka kiwe hakina ukoko. Watoto wanapenda kazi hiyo, ila ifanyike uwanjani, mbali na jiko, grainda na betri. Na likiwa limetoboka, MSICHOMELEE nyumbani hata kama limekaa wazi mwezi. Mvuke unabaki kwenye mikunjo ya bati.

Kiboko_wa_Dizeli

Mnajisumbua na petroli ya nini? Tupa hiyo injini, weka 1HZ, dizeli ya Toyota, gari litapanda Lushoto na tani moja likiimba.

SpanaNchi

Kiboko, litapanda mara ngapi? Injini ya 2.25 inatoa msukumo wa karibu Nm 160, na gia boksi ya Series ilitengenezwa kwa kiasi hicho. 1HZ ina zaidi ya Nm 270 na ni nzito kuliko hiyo kwa mbali. Ukiifunga kwenye gia boksi ile utang'oa meno ya gia ya kwanza au utavunja shafti. Ukibadilisha na gia boksi, unatafuta propela mpya, unahamisha vishikio, unaongeza majani ya springi za mbele, unabadili rejeta, kisha unapeleka kadi ikasajiliwe injini mpya. Watu wanafanya na inawezekana, ila huo ni mradi mwingine. Mwenye mada ameuliza kufufua.

MchomeleaTanga

Niongezee ya kuchomelea, kwa sababu hapo ndipo gari nyingi zinapopindishwa na wenyewe.

Mashine ya fimbo inafaa kwa vishikio na boriti ya nyuma, mradi fimbo iwe ya milimita 2.5 na ampea 60 hadi 75. Chesisi hii ni bati la milimita 2 hivi lililokunjwa kuwa boksi. Ukizidisha moto unatoboa, na ukishatoboa unaanza kujaza, kila ukijaza unatoboa pembeni. Kwa ukuta wa mbele, ambao ni mwembamba zaidi, mpeni fundi mwenye mashine ya gesi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kumwachia mtu.

Kabla ya cheche ya kwanza chomoa betri nyaya zote mbili, na plagi ya nyuma ya alternata. Usipochomoa utaua dayodi, halafu utalaumu alternata.

Kata mpaka chuma kinachong'aa. Kiraka juu ya kutu kinaoza kwa ndani na unakuwa na tabaka mbili za kuondoa mwakani. Kwenye boriti tumia bati la milimita 2, kwenye vishikio vya springi milimita 3. Chomelea vipande vifupi vya sentimita tatu, ruka upande wa pili, rudi. Ukipiga mstari mmoja mrefu chuma kinavuta na chesisi inageuka ndizi.

Pima mshazari kabla na baada: kutoka bolti ya springi ya mbele kulia hadi kishikio cha nyuma kushoto, na kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 5, simama utafute sababu. Gari liwe limekaa sawa kwenye stendi nne wakati wote huu, si limening'inia kwenye jeki moja. Na usikate pande zote mbili kwa pamoja! Maliza kulia ndipo uende kushoto.

Ukimaliza, mimina ndani ya boriti mchanganyiko wa oili na grisi uliopashwa moto kidogo uwe mwepesi, kupitia matundu yaliyopo. Matundu ya chini yasizibwe kwa kiraka, ndiyo yanayotoa maji. Sisi wa pwani tunarudia kila mwaka kabla ya masika kwa sababu ya chumvi. Huko Usa River mnaweza kukaa miaka miwili.

UsaRiver109

Asanteni sana wakuu. Wiki nne zimepita, naleta matokeo.

Chesisi: nyekundu ni boriti ya nyuma yote, bawa la kushoto linalobeba ukuta wa mbele, na sehemu ya kuwekea miguu ya dereva. Kishikio chenye namba ni kizima, namba inasomeka na inalingana na kadi. Boriti kuu zinalia vizuri.

Injini imezunguka siku ya saba. Kompresheni kwa psi, kuanzia silinda ya mbele: 138, 140, 62, 58. Je, ndiyo ovahoo (kukarabati injini nzima) hiyo?

RokaShafti

Hapana, usikimbilie ovahoo. Silinda mbili zinazopakana, ya tatu na ya nne, zote chini kwa kiasi kinachokaribiana, na za mbele ziko safi: hiyo ni dalili ya gasketi ya hedi kuungua katikati ya silinda hizo mbili. Hakikisha kwa kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda ya 3 kisha pima tena. Ikipanda sana, ni ringi. Ikibaki palepale, ni gasketi au valvu.

Kutoa hedi mnaweza nyumbani, ni kazi nzuri ya binti wa miaka 16 na babu yake pembeni kwenye kiti. Mwageni maji (rejeta na bloku, kila moja ina koki yake). Toeni kabureta na manifoldi, kisha shafti ya roka, kisha pushi rodi. Chukueni boksi la katoni, mtoboe matundu manane yenye namba 1 hadi 8 kuanzia upande wa rejeta, kila pushi rodi ikae kwenye tundu lake. Zilizozoeana zirudi pamoja.

Hedi ikitoka, weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake kwa urefu na kwa mshazari. Fila (bati jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.05 ikipita chini ya rula, ipelekeni kwa fundi wa mashine aisage. Hiyo ni kazi ya pili ya kumwachia mtu. Akiwa nayo aangalie viti vya valvu za ekzosi. Gari hizi zilizaliwa enzi za petroli yenye risasi. Ya sasa haina, na kiti laini kinaliwa pole pole, valvu inazama. Utaijua kwa tapeti (nafasi kati ya roka na valvu): kila ukipima, nafasi imepungua badala ya kuongezeka. Kama kimeliwa, aweke ringi ngumu kwa valvu nne za ekzosi, za inteki ziachwe.

Kurudisha: uso wa bloku usuguliwe kwa kisu cha plastiki na thina, msasa usitumike, vumbi lake linaingia kwenye silinda. Matundu ya bolti yakaushwe. Oili ikibaki ndani ya tundu, bolti itakubana kwa uongo na inaweza kupasua bloku. Kazeni kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza): futi-pauni 30, 50, halafu 65 (hiyo 65 ni Nm 88). Bolti ndogo za shafti ya roka ni futi-pauni 18 tu, ukizipa nguvu ya hedi zinakatika. Injini ikishapata moto na kupoa, kazeni tena.

Tapeti zote ni milimita 0.25, yaani inchi 0.010, inteki na ekzosi sawa. Mfundisheni kijana hesabu ya tisa. Valvu ikiwa imebonyezwa mpaka mwisho, toa namba yake kwenye 9, jibu ndilo la kurekebisha. Ya 8 iko chini, rekebisha ya 1. Ya 6 iko chini, rekebisha ya 3. Anazungusha hendeli, anasoma, anapima. Kosa la kawaida ni kukaza nati na skrubu ikazunguka nayo, kwa hiyo kila moja ipimwe tena baada ya kukaza. Na roka iliyochimbika usoni hudanganya fila, maana bati linapita juu ya shimo. Unasikia kelele ingawa kipimo kiko sawa.

Nafasi ya plagi milimita 0.75 hadi 0.80. Ya pointi 0.35 hadi 0.40. Mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2.

Kabureta kama ni Zenith, kabla hujailaumu kwa kulewesha injini (kuipa petroli kupita kiasi), fungua mfuniko wake uulaze juu ya kioo. Nyingi zimepinda kwa kukazwa kupita kiasi. Bandika msasa wa 400 juu ya kioo, usugue kwa duara mpaka uso wote ung'ae sawasawa, badilisha oringi ndogo ya ndani.

HabuNaDramu

Naona breki zimerukwa na ndizo zimeshika.

109 ina silinda sita za magurudumu: mbili kila gurudumu la mbele, moja kila la nyuma. Mipira ya hosi mitatu. Baada ya miaka tisa msijaribu kubadilisha raba tu, ndani kuna vishimo vya kutu na raba mpya italiwa ndani ya mwezi. Silinda mpya zote sita, hosi zote tatu. Masta silinda pimeni kipenyo chake kabla ya kuagiza, zilitoka za aina zaidi ya moja.

Dramu iliyoshika isipigwe nyundo pembeni, itapasuka. Legezeni kwanza virekebishi kwa nyuma, toeni skrubu tatu za usoni kwa bisibisi ya kugonga, kisha mgonge uso wa dramu kati ya bolti za gurudumu kwa nyundo ya raba huku mkizungusha.

Vumbi la ndani msilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani zina asbesto. Mwagieni maji ya sabuni, futeni na kitambaa, kitambaa kitupwe. Watoto wakae mbali siku hiyo.

Kutoa upepo kwenye breki za 109 ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu kila gurudumu la mbele lina silinda mbili na upepo unajificha kwenye ya pili. Rudisheni virekebishi vyote mpaka mwisho wa kulegea, pistoni zirudi ndani kabisa, nafasi ya upepo inapungua. Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Kanyaga pole pole, usipampu kwa fujo, fujo inakata upepo kuwa mapovu madogo yasiyotoka. Mafuta ya breki yaliyotoka yasirudishwe kwenye kopo. Mkimaliza ndipo mrekebishe viatu vya breki.

Mkiwa mmefungua habu, osheni beringi kwa dizeli na mzitazame kwenye mwanga. Rangi ya buluu au alama za vidole vya kutu kwenye rola, tupa. Kukaza: kaza nati huku ukizungusha habu mpaka iwe nzito, rudisha, acha mchezo wa milimita 0.10 hadi 0.15, kunja washa ya kufungia. Asiye na geji ya saa atausikia mchezo huo kwa vidole kama mguso tu, si mtikisiko.

Na zibueni tundu la kupumulia juu ya kila ekseli. Likiziba, joto linasukuma oili ya difu kupitia sili mpaka kwenye lainingi mpya. Watu hubadilisha sili mara tatu na kumbe shida ni tope kwenye kikofia kidogo kama kifungo.

DadaPuti

Mimi nazungumzia bodi tu.

Kaka, alumini si bati la Hilux. Ukiipiga nyundo inakuwa ngumu na kupasuka. Ilainishe kwanza: paka kipande cha sabuni ya mche kwenye bonde, pasha kwa moto wa gesi ukiuzungusha, sabuni ikigeuka nyeusi toa moto mara moja. Acha ipoe yenyewe, kisha nyoosha kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga kwa nyuma. Ukichelewa kidogo baada ya sabuni kuwa nyeusi, alumini haikuonyeshi wekundu kama chuma, inadondoka tu.

Unga mweupe unaouona kwenye kingo ni mahali alumini inapogusana na chuma penye unyevu. Sugua, piga praima ya alumini, na wakati wa kufunga weka ukanda wa raba au lami kati ya vyuma viwili. Bolti za kawaida zipakwe grisi.

Puti haishiki juu ya alumini inayong'aa. Msasa 80, praima ya epoksi, ndipo puti, tena nyembamba. Kisha 180, 320, na 600 ya maji. Kwa pikapu hii nje na ndani ya milango kadiria lita 4 hadi 5 za rangi kabla ya thina. Rangi ya kuchanganya na hadina (kigumishi) isipigwe nyumbani penye watoto, mvuke wake unaharibu mapafu na barakoa ya kitambaa haisaidii. Enameli ya kawaida kwa brashi laini na rola ya sponji, mipako mitatu, inakaa vizuri kabisa kwenye Landrover. Na mkikwaruza mnapaka tena bila kumtafuta mtu.

Waya_Mweusi

Nyaya, kwa kifupi. Msing'oe mkanda wote. Series III inafuata rangi za Lucas: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, zambarau ni moto wa kudumu uliopita kwenye fyuzi, nyeupe ni moto wa swichi, kijani ni wa swichi uliopita kwenye fyuzi, nyekundu taa ndogo, buluu-nyeupe taa kubwa, buluu-nyekundu taa za chini, nyeusi athi (njia ya umeme kurudi kupitia chesisi). Ukijua hizo nane, kijana wako na balbu ya kupimia wanaweza kufuatilia gari zima.

Fyuzi za kioo zilizoandikwa 35 hukatika kwa 35 lakini hubeba 17 tu kwa muda mrefu. Ukiweka ya kisasa ya ampea 35 mahali pake, waya utaungua kabla ya fyuzi.

Taa hafifu kwenye gari hizi karibu kila mara ni athi. Taa imefungwa kwenye alumini, alumini imefungwa kwenye chuma, kati yake kuna ule unga aliousema dada. Vuta waya mweusi mmoja kutoka kila taa hadi kwenye chesisi. Na mkanda mnene kati ya injini na chesisi usisahaulike baada ya kuchomelea. Ukikosekana, umeme wa stata unarudi kupitia kebo ya choki na kuiunguza.

UsaRiver109

Nimeelewa wakuu, oili ya majaribio haikupandisha kompresheni, kwa hiyo hedi inatoka Jumamosi. Swali la mwisho: nataka kununua oili zote mara moja, ni lita ngapi? Na klachi, nikikanyaga gia inaingia lakini gari halijitenganishi na injini nikizungusha hendeli.

SpanaNchi

Injini lita 6 na robo, na filta inakula karibu 0.85 zaidi. Gia boksi kubwa 1.5, transfa 2.5. Difu ya mbele 1.75. Ya nyuma itazame kwanza: kama ina mfuniko wa bati mviringo kwa nyuma uliozungukwa na bolti kumi ni Salisbury, weka 2.5, kama ni sawa na ya mbele, 1.75. Tufe za stelingi nusu lita kila moja. Zote hizo ni oili ya gia EP90, injini pekee ndiyo tofauti. Maji ni lita 10 na kidogo, na yawe na kuulanti, msitie ya kisima matupu.

Mkimwaga ya gia boksi, ipitisheni kwenye kitambaa cheupe. Vumbi la njano ni sinkro, kawaida kwa umri wake. Vipande vya chuma vinavyoshikwa na sumaku ni beringi au meno, hapo gia boksi ishuke kabla ya gari kutembea.

Klachi yako imeganda kwenye flaiwili kwa kutu. Kwanza hakikisheni haidroliki inafanya kazi, mtu aangalie fimbo ya silinda ya chini inasogea wakati kanyagio linakanyagwa. Ikisogea, kanyageni na mfunge kanyagio kwa kipande cha mbao dhidi ya kiti usiku kucha. Isipoachia, subirini mpaka injini iwake na breki ziwe zimekamilika, ipate moto, zimeni. Nendeni uwanja mpana usio na mtu, weka gia ya pili, kanyaga klachi mpaka chini, piga stata gari liondoke nalo, kisha gusa breki za miguu kwa vipigo vifupi. Breki ya mkono isitumike kwa hilo, inashika propela nyuma ya transfa, utavunja kitu. Mara nyingi inaachia kwa "tak!" ndani ya mita mia. Isipoachia baada ya mara tano, acheni, gia boksi inashushwa.

Baada ya kilomita 50 za kwanza mkague nati za magurudumu (Nm 100 hadi 115), yu-bolti za springi, na mkaze hedi tena kama alivyosema RokaShafti. Leta namba za kompresheni mpya.